Louis Pasteur na Mapipa Yaliyochacha

Mtu ninayemhusudu kuliko wote katika historia si mfalme wala jemadari. Ni Louis Pasteur, mwana wa mtengeneza ngozi, aliyezaliwa tarehe 27 Desemba 1822 mjini Dole, Ufaransa. Utotoni alisifika zaidi kwa kuchora picha kuliko kwa masomo.

Mwaka wa 1854 alifanywa profesa wa kemia mjini Lille. Huko wenye viwanda walichachusha maji ya viazi sukari ili wapate alkoholi. Mwaka wa 1856 akajiwa na Bwana Bigo, mzazi wa mwanafunzi wake, akilia hasara. Baadhi ya mapipa yake yalikuwa yakichacha vibaya na kuwa makali kama maziwa yaliyolala.

Profesa mwingine angesema hayo hayamhusu. Pasteur wapi! Alikwenda kiwandani mwenyewe, akachota na kutazama kwa hadubini. Katika pipa zuri aliona viduara vya hamira. Katika pipa baya akaona vijiti vidogo mno, tele kama mchanga. Kumbe vilikuwa bakteria, wanaokula sukari ile ile na kutoa asidi badala ya alkoholi!

Wakati huo wakubwa wa kemia, kama Mjerumani Justus von Liebig, walishikilia kuwa kuchacha ni kuoza tu, hakuhitaji kiumbe hai. Pasteur aliwapinga kwa makala yake ya 1857, na hakurudi nyuma. Baadaye akaonyesha kwamba mvinyo ukipashwa moto kiasi, bila kuchemka, hauharibiki upesi. Hata maziwa ya pakiti tunayotia katika chai hutayarishwa kwa njia iliyopewa jina lake.

Msidhani maisha yake yalikuwa mteremko. Alizika mabinti watatu, wawili kati yao wakiuawa na homa ya matumbo. Mwaka wa 1868 alipooza upande wa kushoto. Hata hivyo aliendelea, na mwaka wa 1885 chanjo yake ya kichaa cha mbwa ikatumiwa kwa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa vibaya. Mtoto akanusurika. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895.

Basi mimi hujiuliza, angalimfukuza yule mwenye mapipa, tungaliyajua haya lini? Wahenga hawakukosea: mdharau mwiba, mguu huota tende.