Johann Bengel: Kupima Mashahidi wa Neno

Soma kwa ajili ya somo hili: Zaburi 119:160, Mathayo 24:36, Luka 1:1–4, Matendo 17:11, 1 Wathesalonike 5:21.

Johann Albrecht Bengel alizaliwa tarehe 24 Juni 1687 katika mji wa Winnenden, nchi ya Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri, naye ndiye aliyeanza kumfundisha. Mwaka 1693 baba huyo alifariki, na mwaka huohuo majeshi ya Ufaransa yaliuchoma moto mji wao. Nyumba ya familia iliteketea pamoja na vitabu vya marehemu. Mtoto huyo yatima akachukuliwa na mwalimu aliyekuwa rafiki wa familia, ambaye alimlea na kumsomesha.

Mwaka 1703 Bengel aliingia Chuo Kikuu cha Tübingen ili kusomea uchungaji. Hapo ndipo lilipompata jaribu lililoamua kazi ya maisha yake. Agano Jipya la Kiyunani alilokuwa akilisoma lilikuwa na maelezo yaliyoonyesha mahali ambapo nakala za kale hazikubaliani. Kisha, mwaka 1707, msomi John Mill wa Oxford alitoa toleo lililomgharimu miaka 30 ya kazi. Katika toleo hilo tofauti zilizoorodheshwa zilikadiriwa kufika 30,000. Wenye mashaka walifurahi. Waumini wengi walishtuka. Bengel, aliyelipenda Neno kwa moyo wake wote, alijiuliza atawezaje kuhubiri kutoka katika kitabu ambacho maneno yake hana hakika nayo.

Ni vema kuelewa tofauti hizo zilitoka wapi. Kabla ya uchapishaji, kila nakala ya Injili au waraka iliandikwa kwa mkono, herufi kwa herufi. Mwandishi aliyechoka aliruka mstari. Mwingine alisikia vibaya, au alisahihisha neno alilodhani limekosewa. Katika Warumi 5:1, herufi moja tu ya Kiyunani, o fupi au o ndefu, ndiyo inayoamua kama Paulo anasema kwamba tunayo amani na Mungu au anatuhimiza tuwe nayo. Nyingi za zile tofauti 30,000 ni ndogo zaidi ya hiyo: tahajia ya jina, au mpangilio wa maneno. Hata Biblia ya Kiswahili ya Union Version inaonyesha alama za jambo hili. Sehemu ya mwisho ya Mathayo 6:13 imewekwa ndani ya mabano, kwa sababu haimo katika baadhi ya nakala za zamani sana.

Kulikuwa na njia mbili rahisi mbele ya kijana yule. Angeweza kufunga macho na kudai kwamba tofauti hazipo. Au angeweza kuiacha imani yake. Bengel hakufuata hata moja. Aliamua kuzichunguza nakala zenyewe.

Mwaka 1713 aliwekwa kuwa mwalimu katika shule ya Denkendorf, iliyowaandaa vijana kwa ajili ya masomo ya theolojia. Alikaa hapo miaka 28. Mchana alifundisha, saa zilizobaki alilinganisha nakala, na kuwaandikia barua wasomi wa miji mingine wamsaidie kupata habari za hati zilizokuwa mbali naye. Nyumbani kwake kulikuwa na majonzi pia. Yeye na mkewe Johanna Regina walijaliwa watoto 12, na 6 kati yao walifariki wakiwa wadogo. Kazi iliendelea pamoja na misiba hiyo.

Katika uchunguzi wake alitambua jambo ambalo wasomi wanalitumia mpaka leo: nakala zapaswa kupimwa, wala haitoshi kuzihesabu. Watu 50 wakisimulia habari waliyoisikia kwa mtu mmoja, hao si mashahidi 50. Shahidi ni yule mmoja. Ndivyo ilivyo kwa nakala. Ikiwa nakala nyingi zimetokana na moja yenye kosa, wingi wake hauligeuzi kosa kuwa kweli. Kwa hiyo Bengel alianza kuzipanga nakala katika jamaa, kufuatana na asili yake. Aliweka pia kanuni kwamba, kwa kawaida, usomaji ulio mgumu hupewa uzito kuliko ulio rahisi, kwa kuwa mwandishi hushawishika kulainisha neno gumu, lakini ni nadra kulifanya rahisi liwe gumu.

Mwaka 1734 Agano Jipya lake la Kiyunani lilichapishwa huko Tübingen. Aliacha maneno yaliyozoeleka mahali pake karibu kote, lakini pembeni aliweka herufi tano za Kiyunani kama vipimo: usomaji ulio wa hakika, ulio bora kuliko uliochapishwa, ulio sawa nao, ulio hafifu, na wa kukataliwa. Msomaji hakufichwa kitu.

Lawama zilitoka pande mbili. Baadhi ya wacha Mungu walimshutumu kwamba anatikisa Maandiko. Msomi Johann Jakob Wettstein naye aliishambulia kazi yake kwa ukali. Bengel alijitetea kwa maandishi, kisha akaendelea na kazi. Yale aliyoyaogopa alipokuwa mwanafunzi yalikuwa yamekwisha kumtoka. Baada ya kupima ushahidi kwa miaka mingi, aliridhika kwamba tofauti za nakala haziondoi hata msingi mmoja wa imani ya Kikristo.

Mwaka 1742 alitoa ufafanuzi wa Agano Jipya lote, aliouita Gnomon. Hilo ni jina la kijiti cha saa ya jua, ambacho kivuli chake huonyesha wakati. Alitaka kitabu chake kielekeze tu, na nuru itoke katika Neno lenyewe. John Wesley alikitegemea sana alipoandaa maelezo yake ya Agano Jipya, yaliyochapishwa mwaka 1755.

Wasomaji Waadventista wanamfahamu Bengel kwa jambo jingine. Ellen White anamtaja miongoni mwa watu walioamsha tumaini la marejeo ya Kristo katika Ulaya. Bengel alikipenda sana kitabu cha Ufunuo, na mafundisho yake juu ya ujio wa Bwana yalienea mbali. Lakini alikwenda mbele zaidi: alipiga hesabu ya nyakati, akautaja mwaka 1836 kuwa mwanzo wa kipindi cha miaka elfu. Alikiri mapema kwamba mwaka huo ukipita bila badiliko la wazi, basi pana kosa kubwa katika mpango wake, nalo litafutwe. Alifariki tarehe 2 Novemba 1752. Mwaka 1836 ulifika, ukapita.

Mtu yuleyule aliyekuwa mwangalifu kwa kila herufi ya Maandiko alikosea pale alipotaka kujua kile ambacho Mathayo 24:36 inasema hakikufunuliwa. Watu waliopitia uchungu wa mwaka 1844 hawana sababu ya kumcheka. Hata hivyo, hesabu yake ilianguka, lakini Neno alilolipima halikuanguka. Na kwa kuwa aliacha mlango wazi wa kusahihishwa, kosa lake halikuharibu kazi yake. Wasomi waliomfuata, kama Johann Jakob Griesbach, waliendeleza njia yake ya kupanga nakala.

Leo kijana wa kanisa anaweza kusikia chuoni, au kusoma katika simu yake, kwamba Agano Jipya limebadilishwa na haliaminiki. Akileta swali hilo katika darasa la Shule ya Sabato akanyamazishwa, atalipeleka kwingine. Waberoya hawakukemewa kwa kuchunguza, walisifiwa. Ukweli hauogopi kupimwa, na Bengel aliupima kwa miaka mingi akiwa amepiga magoti.

Maswali ya Kujadili:

1. Luka anasema alijitafutia habari kwa usahihi kabla ya kuandika (Luka 1:1–4). Hili linatufundisha nini kuhusu jinsi Mungu anavyowatumia wanadamu katika uvuvio?

2. Darasa lenu humpokeaje mtu anayeleta mashaka kuhusu Biblia? Ni nini kinachohitaji kubadilika?

3. Bengel alitamka mapema kwamba hesabu yake yaweza kuwa na kosa. Tunawezaje kushika imani kwa uthabiti huku tukiwa wanyenyekevu kuhusu ufafanuzi wetu wenyewe?