Wasifu wa Gregor Mendel (1822–1884), Mwanzilishi wa Elimu ya Urithi

Mwanafunzi wa Pemba mara nyingi hukutana na mada ya urithi nyumbani kabla ya kukutana nayo darasani. Katika ukoo yumo mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa, macho yamekuwa ya manjano, na kila baada ya muda anapelekwa hospitali kuongezewa damu. Wakubwa huuita ugonjwa huo sikoseli, vitabu huuita selimundu. Kwa nini kaka yake ni mzima na yeye anaumwa, ilhali wamezaliwa na baba mmoja na mama mmoja? Aliyetupa njia ya kulijibu swali hilo hakuwa daktari, na wala hakuwahi kuiona selimundu.

Alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, wakati huo ndani ya dola ya Austria, leo katika Jamhuri ya Czech. Wazazi wake walimwita Johann. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima mdogo, na Johann, mtoto wake pekee wa kiume, alitarajiwa kurithi shamba. Lakini alikuwa na akili ya masomo, akapelekwa skuli mbali na kijijini. Baba alipoumia vibaya kazini, fedha zilikatika. Kijana akawa anafundisha wenzake ili apate chakula, na mara kadhaa aliugua na kurudi nyumbani. Aliyemwokoa ni mdogo wake, Theresia, ambaye alitoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake. (Kule bibi harusi ndiye aliyekwenda na mali kwa mumewe, kinyume cha mahari yetu.) Mendel hakuusahau wema huo. Baadaye aliwasaidia wana wa Theresia kusoma, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Mwaka 1843 alijiunga na nyumba ya watawa wa Kikristo katika mji wa Brünn, ambao sasa unaitwa Brno. Huko alipewa jina la Gregor. Umasikini ulichangia uamuzi huo: utawani alikuwa na hakika ya chakula, maktaba na muda wa kusoma.

Watahiniwa wangu hupenda kuisikia sehemu inayofuata. Mwaka 1850 Mendel alifanya mtihani wa kupata cheti cha ualimu, akafeli, na miongoni mwa masomo yaliyomwangusha ni elimu ya viumbe. Wakubwa wake walimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna, akasoma fizikia, hisabati na botania kuanzia 1851 hadi 1853. Mwaka 1856 alijaribu tena, akaugua katikati ya mtihani na kujitoa. Cheti hakukipata maisha yake yote. Alifundisha kwa miaka mingi akiwa mwalimu wa muda.

Mwaka huo huo wa 1856 alianza kupanda njegere katika bustani ya utawa. Aliichagua njegere kwa sababu hukua haraka, hutoa mbegu nyingi, na ua lake hujichavusha lenyewe, hivyo ni rahisi kuwa na aina isiyochanganyika. Alipotaka kuchanganya aina mbili, alifungua ua changa, akaondoa sehemu za kiume kabla chavua haijakomaa, akapaka chavua ya mmea mwingine kisha akalifunika ua. Kazi hiyo aliifanya kwa takriban miaka minane, na mimea ilifika karibu 28,000.

Alipochanganya njegere za mbegu za mviringo na zile za mbegu zilizokunjamana, kizazi cha kwanza chote kilitoa mbegu za mviringo. Mtu mwingine angeandika kwamba mikunjo imepotea. Mendel aliiacha mimea hiyo ijichavushe, kisha akahesabu: mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, yaani karibu tatu kwa moja. Mikunjo haikupotea, ilijificha. Akafafanua kwamba kila sifa ina vipashio viwili, kimoja kutoka kwa kila mzazi. Vipashio hivyo hutengana wakati wa kuunda gameti, na kimoja kinaweza kukifunika kingine. Leo tunaviita jeni.

Aliyasoma matokeo yake mbele ya chama cha wanasayansi cha Brünn, Februari na Machi 1865, na yakachapishwa mwaka 1866. Karibu hakuna aliyeelewa uzito wake. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa mkuu wa utawa, na miaka yake ya mwisho ikaliwa na mgogoro wa kodi baina ya utawa na serikali. Alifariki kwa maradhi ya figo tarehe 6 Januari 1884. Karatasi zake nyingi zilichomwa moto. Mwaka 1900 ndipo wataalamu wa mimea Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak walipoyafufua matokeo hayo, kila mmoja katika nchi yake.

Sasa tumrudie yule mtoto wa Pemba. Selimundu hufuata hesabu ya njegere. Baba na mama wakiwa wabebaji, kila mmoja ana jeni moja nzima na moja ya ugonjwa, na wote wawili wanaonekana wazima. Kwa kila mimba, nafasi ya kupata mtoto mgonjwa ni moja kati ya nne, mbebaji mbili kati ya nne, na asiye na jeni hiyo kabisa moja kati ya nne. Watahiniwa wengi hukosea hapa: wanadhani mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. La, hesabu huanza upya kila mimba. Na kwa kuwa kila mzazi ametoa nusu, hakuna haki ya kumlaumu mama peke yake, jambo ambalo bado hutokea majumbani.

Jeni hiyo imeenea ukanda wetu kwa sababu ya malaria. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba wabebaji hupata kinga dhidi ya malaria kali.

Mendel aliweza kuichanganya mimea tu. Sayansi ya leo inaweza kuigusa jeni yenyewe. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya selimundu inayotumia uhariri wa jeni, na Marekani ikafuata Desemba, kwa wagonjwa wa kuanzia umri wa miaka 12. Seli zinazotengeneza damu hutolewa kwa mgonjwa mwenyewe, na mkasi wa kikemikali uitwao CRISPR hukata mahali maalumu. Kisha mgonjwa hupewa dawa kali ya kuondoa seli za zamani katika uloto, na zile zilizohaririwa hurudishwa mwilini. Angalia vizuri: tiba hii hairekebishi kosa lenyewe la selimundu. Inazima swichi inayozuia himoglobini ya utotoni, ile ambayo mtoto huwa nayo tumboni, ili itengenezwe tena kwa wingi. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Kwetu, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imewapandikizia watoto wenye selimundu uloto, lakini huo hutoka kwa ndugu, si seli za mgonjwa zilizohaririwa.

Swali linaloweza kukutega ni hili: mtu mzima aliyepona kwa uhariri wa jeni, watoto wake watarithi nini? Kilichohaririwa ni seli za damu. Mbegu za kiume au mayai hayakuguswa, bado yana jeni ya ugonjwa. Akioana na asiye na jeni hiyo, watoto wote watakuwa wabebaji. Akioana na mbebaji, kila mimba ina nafasi ya nusu kwa nusu ya kuleta mtoto mgonjwa, kama vile tiba haikuwahi kufanyika.