Apolo Kivebulaya

Apolo Kivebulaya (takriban 1864 – 30 Mei 1933) alikuwa mwinjilisti na kasisi wa Kanisa Anglikana kutoka Uganda. Anakumbukwa hasa kwa kupeleka Injili Mboga (leo Boga) na katika msitu wa Ituri, mashariki mwa nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Maisha ya awali

Alizaliwa Buganda akapewa jina la Waswa, ambalo Waganda humpa mtoto pacha wa kiume. Ujanani alifuata Uislamu, akawa askari katika miaka ya vita vya dini nchini mwake. Mafundisho ya mmisionari Mskoti Alexander Mackay yalimgusa, na mwaka 1895 akabatizwa kwa jina la Apolo, mhubiri anayetajwa katika Matendo ya Mitume. Kivebulaya ni jina la utani la Kiganda linalomaanisha kitu kitokacho Ulaya. Inasemekana alilipata kwa kuvaa koti jekundu la askari juu ya kanzu yake.

Mboga

Baada ya kufundisha Toro, mwishoni mwa mwaka 1896 alivuka milima ya Rwenzori na bonde la Semliki hadi Mboga. Walimu wawili Waganda waliomtangulia walikuwa wameondoka kwa sababu ya kunyimwa chakula. Apolo alishika jembe, akalima shamba lake mwenyewe, huku akifundisha watu kusoma. Kiini cha mahubiri yake kilikuwa kwamba Yesu Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi za watu wote na kufufuka, na kwamba kila anayetubu husamehewa. Lakini alipinga pia ulevi na ndoa za wake wengi, jambo lililomkasirisha chifu Tabaro.

Dada wa chifu alipoangukia mkuki kwa bahati mbaya na kufa, Apolo alishtakiwa kwamba amemuua. Alipelekwa Toro akiwa amefungwa, akatiwa gerezani. Baadaye alisimulia kwamba katika siku hizo za mateso alimwona Kristo aking'aa kama jua na kumtia moyo. Alipoonekana hana hatia aliachiliwa. Angeweza kubaki Toro kwa usalama, lakini alirudi Mboga kwa watu walewale waliomshtaki. Hatimaye Tabaro mwenyewe aliomba kubatizwa, akaitwa Paulo.

Upadrisho na utume msituni

Apolo alipewa daraja ya ushemasi mwaka 1900 na upadri mwaka 1903. Kwa miaka kadhaa alihudumu Toro. Wakati huo mpaka wa kikoloni uliwekwa upya, na Mboga ikaangukia upande wa Kongo ya Kibelgiji. Mwaka 1915 alirudi huko moja kwa moja.

Kuanzia mwaka 1921 aliingia katika msitu wa Ituri kuwahubiria Wambuti, wawindaji wanaohamahama ambao majirani wengi waliwadharau. Aliwatembelea kambini mwao, akajifunza lugha yao na kutafsiri Injili ya Marko ili waisikie kwa maneno yao wenyewe. Kwake, habari njema isiyowafikia watu wa msituni haikuwa imekamilisha safari yake. Hakuoa wala hakujilimbikizia mali. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, lakini aliendelea kuishi Mboga.

Kifo na urithi

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumzika marehemu kichwa kikielekea upande wa kwao, yaani mashariki. Apolo aliagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu, kuonyesha kwamba Injili inapaswa kuendelea mbele.

Kutokana na kazi aliyoianza, Kanisa Anglikana lilienea Kongo, na mwaka 1992 likawa jimbo linalojitegemea. Waanglikana humkumbuka kila mwaka tarehe 30 Mei.