Roosevelt na tansio yake: kipimo kilichofichwa

Wandugu wa kazi, jina la Franklin Roosevelt wengi wetu tulilisikia ku masomo: prezida wa Marekani wakati wa vita ya Hitler, mtu wa pekee aliyechaguliwa mara 4 mu inchi ile. Sisi watu wa Katanga tuna sababu ingine ya kumukumbuka: uraniumu ya Shinkolobwe iliingia mu kazi ya bomu ya atomiki, na ruhusa ya kazi ile yeye njo aliitoa. Lakini leo tunazungumuza juu ya moyo wake, maana kifo chake kinatuhusu sisi wote.

Alizaliwa tarehe 30 mwezi wa kwanza 1882, kule Hyde Park, jimbo la New York, mu jamaa ya matajiri. Mu 1921, akiwa na miaka 39, polio ilimuharibu miguu. Toka pale hakutembea tena bila vyuma ku miguu na mukono wa mutu wa kumutegemeza. Siasa hakuiacha. Mu 1933 akaingia ku kiti cha uprezida, wakati mamilioni ya Wamarekani walikuwa bila kazi. Sisi watu wa sendika hatusahau mwaka 1935: alitia sahihi ku sheria yenye kulinda haki ya mufanyakazi kuingia mu sendika na kujadiliana na patron, na ku ingine ya kuwapa wazee pansioni.

Miguu yake ilifichwa. Picha za kiti chake cha magurudumu hazikutoka sana mu magazeti. Lakini kulikuwa jambo lililofichwa zaidi.

Mu mwezi wa tatu 1944, munganga kijana wa moyo, Howard Bruenn, aliitwa kumupima. Alikuta tansio 186 juu ya 108, moyo umepanuka, umechoka, hausukume tena damu vizuri. Akamupatia dawa ya moyo, akaomba apumuzike, apunguze munyu na sigara. Roosevelt alikuwa muvutaji mukubwa. Wakati ule dawa nzuri ya kushusha tansio haikuwa bado. Waganga wengi walifikiri hata kwamba mutu akizeeka, tansio inapaswa kupanda, damu ipate nguvu ya kupita.

Munganga mukubwa wa Prezida, Ross McIntire, ambaye kazi yake ilikuwa pua na koo, aliendelea kuambia raia kwamba Prezida yuko muzima kwa umri wake. Wakapiga kura mu mwezi wa kumi na moja 1944 bila kujua kitu. Mu mwezi wa pili 1945 akasafiri mpaka Yalta kukutana na Churchill na Stalin, amekonda, uso umekauka. Tarehe 12 mwezi wa ine 1945, kule Warm Springs, jimbo la Georgia, kichwa kilimuuma sana, akaanguka. Tansio ilikuwa imepita 300 juu ya 190. Mushipa wa ubongo ulipasuka. Alikufa siku ile ile, miaka 63. Karatasi zake za matibabu hazikuonekana tena. Ni mu 1970 tu Bruenn aliandika vile vipimo watu wakavisoma.

Sasa tuangalie kilichofuata. Ugonjwa wa moyo njo ulikuwa unaua Wamarekani wengi kupita magonjwa yote. Mu mwezi wa sita 1948, Truman, aliyerizi kiti, alitia sahihi ku sheria ya kutafuta chanzo cha ugonjwa ule. Mwaka ule ule, mu mji mudogo wa Framingham, karibu na Boston, waganga walianza kuandika watu 5.209, wanaume na wanawake wa miaka 30 mpaka 62, wasiokuwa na ugonjwa wa moyo. Kila miaka 2 wanawapima: tansio, damu, uzito, sigara. Kisha wanangoja kuona nani atagonjwa.

Ni kazi ya uvumilivu, lakini ilileta mwangaza. Kufika miaka ya 1960 mambo yalikuwa wazi: tansio ya juu, mafuta mengi mu damu na sigara vinaongeza hatari ya moyo. Yale mawazo ya kwamba tansio ya muzee ni ya kawaida yakaanguka. Ile namba 186 juu ya 108, leo muforomo yeyote akiiona hakuachi urudie nyumbani bila dawa.

Wandugu, tansio haiumi. Mutu anaweza kuingia mu shimo kila siku, anabeba, anacheka, na mushipa unaendelea kuchoka pole pole. Roosevelt alikuwa na ndege, na askari, na waganga wa leta nzima, lakini kipimo chake kilibaki mu mikono ya wengine. Kwetu pia kuna mahali ambapo mufanyakazi anapimwa mara moja ku mwaka na karatasi inafungiwa mu ofisi.

Kwa hiyo tunaomba ba-delege wote: mu majadiliano yenye kuja, tudai kila mufanyakazi apewe namba zake mu mukono, zimeandikwa, na aelezwe maana yake. Na wewe ndugu, ukitoka kupimwa, usikubali kuambiwa tu kwamba ni bien. Uliza ni ngapi juu ya ngapi.