Mpika Pombe Aliyepima Joto

Kila mwanafunzi wa fizikia, awe Busia au Malaba, hukariri kipimo cha nishati kiitwacho juli. Ni wachache mno wanaodokezewa kwamba jina hilo lilikuwa la mpika pombe.

James Prescott Joule alizaliwa tarehe 24 Desemba 1818 mjini Salford, karibu na Manchester, Uingereza. Babaye alimiliki kiwanda cha pombe, naye akakulia baina ya mapipa na kimea. Hakusoma chuo kikuu. Alifunzwa nyumbani, na kwa muda akafundishwa na mwanasayansi John Dalton. Katika kazi ya pombe kipimajoto ni mboni ya jicho. Vimeng'enya vya kimea hugeuza wanga kuwa sukari vyema maji yakiwa baina ya nyuzi 60 na 70 za Selsiasi. Joto likizidi sana, vimeng'enya huharibika. Likipungua mno, kazi huzorota.

Uangalifu huo ndio alioingia nao maabarani. Mwaka 1843 alitangaza kwamba kazi hugeuka joto kwa kiwango maalumu. Mwaka 1845 alitumia uzito ulioshuka ukizungusha makasia ndani ya maji, kisha akapima joto lililoongezeka. Ongezeko lilikuwa dogo hata wataalamu wakamshuku. Ni mwaka 1847, mjini Oxford, William Thomson alipomsikiliza kwa makini, ingawa kwa mashaka, ndipo wengine nao wakaanza kutega masikio. Joule alifariki tarehe 11 Oktoba 1889, jina lake likiwa tayari limetukuka.

Nikiwa mtoto Malaba, nilimtazama nyanya yangu akitengeneza ajon, pombe ya wimbi ya Wateso. Kabla ya kutia kimea alichovya mkono chunguni, akatulia, akangoja joto lipungue. Hakuwa na kipimajoto, lakini hakukosea. Siku nilipolitaja jambo hilo darasani, katika somo la sayansi, nilichapwa kwa kuleta ulevi shuleni.

Sisemi wanafunzi wanywe pombe, hasha! Nasema elimu ya joto ilikuwa tayari chunguni mwa nyanya, nasi tukaifukuza ili tukariri jina la mpika pombe wa mbali. Mwalimu mwenzangu, utakapofundisha juli, anzia kwenye chungu hicho. Mtoto atakayetambua kwamba nyanyake naye alipima, hataiogopa fizikia.