Mary Leakey: Mtafiti aliyenakili michoro ya Kolo

WENGI wanapolitaja jina la Mary Leakey hukumbuka fuvu la Zinjanthropus, alilolivumbua katika Bonde la Olduvai Julai 17, 1959. Wachache wanajua kuwa miaka minane kabla ya hapo mtafiti huyo alifanya kazi Kolo, wilayani Kondoa, kazi ambayo mwenyewe aliihesabu miongoni mwa zilizompa furaha kubwa maishani.

Alizaliwa London Februari 6, 1913, akiitwa Mary Douglas Nicol. Baba yake, aliyekuwa mchoraji, alifariki dunia binti huyo akiwa na umri wa miaka 13. Shule hazikumkalia vema. Alifukuzwa, wala hakupata kusomea shahada, ingawa baadaye vyuo vikuu vilimtunukia shahada za heshima. Kalamu ndiyo iliyomfungulia mlango. Alichora zana za mawe kwa ajili ya vitabu vya wataalamu, na kwa njia hiyo akakutana na Louis Leakey, ambaye walifunga ndoa mwaka 1936.

Mwaka 1951 wawili hao walikwenda Kondoa. Kwa takriban miezi mitatu Mary alipanda vilima vya mawe, akaweka karatasi inayopitisha mwanga juu ya mwamba na kufuatisha kila mstari: twiga, tembo, pofu, na watu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Pale mchoro mmoja ulipokuwa juu ya mwingine, ilimlazimu kwanza autambue uliotangulia. Hiyo si kazi ya mtu mwenye haraka. Alinakili maumbo yapatayo 1,600.

Nakala hizo zilisubiri zaidi ya miaka 30 kabla ya kutoka kitabuni mwaka 1983. Ni muda mrefu mno, lakini Olduvai ilikuwa imemteka, na mwaka 1978 kikosi chake kikafukua huko Laetoli nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita.

Wakati huohuo jua, maji ya mvua na mikono ya watu viliendelea kuifuta michoro ya Kolo, kiasi kwamba baadhi ya mistari sasa huonekana wazi zaidi katika karatasi zake kuliko mwambani.

Alifariki dunia Nairobi Desemba 9, 1996, akiwa na umri wa miaka 83. Miaka 10 baadaye, UNESCO iliingiza michoro ya Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia.