Tippu Tip, au amani ya watu wawili

Kwetu Isangi, pale Lomami inapoingia katika mto Kongo, jina la Tippu Tip halijasahaulika. Hamed bin Muhammed el Murjebi alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830, akawa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa. Katika kitivo chetu tunamsoma kwa sababu aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Leo napenda tumsome kwa msaada wa hesabu, kwa nadharia ya michezo.

Mwaka 1886 Waarabu wa Maporomoko ya Stanley, yaani Kisangani ya leo, walikifukuza kikosi cha Dola Huru ya Kongo. Februari 1887, huko Unguja, Stanley alimfanya Tippu Tip liwali wa Maporomoko kwa niaba ya mfalme Léopold wa Pili, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Adui wa jana alipataje cheo?

Tuchore jedwali. Kila upande una chaguo mbili: vita au amani. Kwa kila chaguo la mwenzake, tunatia alama kwenye jibu linalomfaa zaidi. Kisanduku chenye alama mbili ni msawazo: hakuna anayefaidika akibadili peke yake. Msawazo huu una jina la John Nash, aliyeueleza mwaka 1950.

Hapa visanduku ni viwili. Mwenzako akipigana, huna budi kupigana. Akitulia, kutulia kunafaa: mfalme hakuwa bado na reli ya Matadi, iliyomalizika 1898, na Tippu Tip alihitaji njia tulivu za kupitishia pembe zake. Mkataba uliwahamisha wote wawili kutoka kisanduku cha vita hadi cha amani.

Kisha Dola ikajenga kambi ya Basoko, chini ya Isangi, ikaongeza askari. Hesabu za mfalme zikabadilika: vita vikamlipa hata mwenzake akitulia. Tippu Tip alikuwa amekwisha kurudi Unguja vita vilipolipuka mwaka 1892. Mwanawe Sefu aliuawa 1893. Yeye alifariki 1905.

Jedwali hili lina wachezaji wawili tu. Walokele na Watopoke, wenye mto na msitu, hawana mstari humo. Amani ya 1887 ilikuwa msawazo kamili, na chini yake watu waliendelea kukamatwa. Ndiyo maana, ninaposoma maisha yake, huwatafuta wale ambao hakuwahesabu.